Nyoka Alete Mkia

Mama yangu huwaambia watu wa kanisani kwamba mimi nafanya utafiti wa viazi. Si uongo mtupu. Mahali ninapofanyia kazi pana viazi vingi, na nikirudi nyumbani Free Area, Nakuru, mwisho wa wiki gambuti zangu huwa zimejaa udongo wa shamba la viazi. Lakini mtu akimdadisi zaidi, kama ni utafiti wa mbegu au wa ukungu, mama hukumbuka ghafla kwamba ameacha sufuria motoni.

Mimi huchunguza nyoka, hasa kile kilicho ndani ya matumbo yao. Aliyeniajiri ni profesa mmoja mstaafu anayeishi Kiamunyi, mwanamke mwenye nywele nyeupe na goti bovu, ambaye maisha yake yote ya kazi ameyamaliza akiuliza swali moja: huyu amekula nini? Amewauliza chatu, amewauliza bafe, amewauliza hata wale nyoka wadogo wa kwenye nyasi wasiozidi unene wa kalamu. Siku aliponiita kunihoji aliniuliza kama naogopa nyoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo wiki nzima. Nikamweleza kwamba woga una faida zake, kwamba binadamu na nyoka wametazamana kwa muda mrefu sana, na kwamba mtu asiyeogopa kabisa huenda ana tatizo jingine linalohitaji kuangaliwa. Aliniacha nimalize, akanywa chai yake.

"Kwa hivyo unaogopa."

"Ndiyo, Profesa."

"Vizuri. Wasioogopa huumwa, halafu mimi ndiye hupigiwa simu na mama zao."

Goti lake lilikuwa limekataa milima, kwa hivyo kazi yangu ilikuwa kupanda milima kwa niaba yake. Alitaka kujua kama nyoka mmoja wa nyanda za juu anasaidia kupunguza fuko kwenye mashamba ya viazi. Ni nyoka mkubwa, wa kahawia, asiye na sumu lakini mwenye hasira za kutosha. Sikupata jina lake la Kiswahili ambalo watu wawili wangekubaliana nalo, nami nikaamua kumwita nyoka wa fuko. Huingia kwenye shimo la fuko, humbana mpaka akafa, kisha humla hukohuko gizani bila kumsumbua mtu.

Tatizo lilikuwa kupata shamba. Wakulima wote niliowaendea upande wa Kuresoi walinisikiliza kwa heshima mpaka nilipotamka neno nyoka. Mmoja alinipa kikombe cha mursik, yale maziwa yao ya kugandishwa, nikakinywa chote, kisha akanisindikiza hadi barabarani, si kwa ukarimu, bali ahakikishe nimeenda. Ni mmoja tu aliyekubali, nje kidogo ya Keringet. Alikuwa mjane ambaye kila mtu alimwita Gogo, yaani nyanya kwa lugha ya huko. Nadhani alikubali kwa sababu hakuamini kwamba kuna mtu anayelipwa mshahara kwa kazi ya aina hiyo, na alitaka kuona mambo haya yataishia wapi. Alinipa chumba kando ya stoo ya viazi.

Profesa aliniambia wazi: shamba hilo likitufungia mlango, hakuna utafiti, na pasipo utafiti hakuna haja ya msaidizi wa utafiti. Msaidizi ni mimi. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza tangu nihitimu, na hapakuwa na ya pili iliyokuwa ikinisubiri mahali popote.

Sasa, kwa mkulima wa viazi, fuko ni adui asiye na mfano. Juu ya ardhi wewe unatabasamu ukiangalia majani ya kijani, chini yeye ameshakula kiazi na kuhamia mstari wa pili. Ndiyo maana kuna watu ambao kazi yao ni kutega fuko. Mtega fuko huja na fito na waya, hutega mtego shimoni, na fuko akinaswa humkata mkia na kumpelekea mwenye shamba. Mkia mmoja, malipo ya fuko mmoja. Hakuna mkia, hakuna fuko. Gogo alikuwa mkali juu ya mikia kuliko benki juu ya sahihi. Aliipokea mwenyewe mlangoni mwa jikoni, akaigeuza, akainusa, kisha akaitupa motoni ukitazama, ili isije ikarudi tena kesho. Inasemekana kuna mtu aliwahi kumletea mkia wa panya alioufupisha na kuubandika manyoya ya mbuzi. Alifukuzwa kwa mwiko wa ugali mpaka kwenye lango.

Mtega fuko wake alikuwa mzee mwembamba aliyevaa koti la suti hata shambani, waya ukiwa umeviringishwa begani. Aliniita Daktari tangu siku ya kwanza, kwa namna iliyonifanya nitamani angeniita tu "wewe".

"Daktari, wagonjwa wako wanaendeleaje?"

"Salama, mzee."

"Hakuna aliyelazwa?"

Ushahidi ambao mimi niliutegemea ulikuwa kinyesi. Nyoka humeza kila kitu, lakini nywele, kucha na meno ya mnyama aliyemezwa hupita hadi upande wa pili. Nilikiosha kinyesi hicho kwa maji na kukichuja kwa chujio la chai. Chujio nililinunua mwenyewe pale senta, nikaupaka mpini wake rangi nyekundu ya kucha ili lisichanganyike na la jikoni kwa Gogo. Kisha nikaanza kuwaza. Je, kama kuna mtu humu nyumbani asiyetofautisha rangi nyekundu? Je, kama rangi imebanduka na sikuona? Je, kama mtu aliona rangi ile akadhani ni urembo, akavutiwa? Mwishowe niliacha kunywa chai kabisa. Gogo alinitazama siku kadhaa, halafu akaniuliza kwa upole kama nimehamia lile kanisa la watu wasiokunywa chai.

Msimu wa kuvuna ulipokaribia nilipata wasiwasi wa kweli. Vibarua huja na majembe, na nyoka yeyote anayeibuka kwenye mtaro hukatwa vipande kabla hajajua siku imekucha. Kila nyoka niliyekuwa nikimfuatilia alikuwa kwenye mitaro hiyo. Nikamwendea Gogo jikoni, akichambua mboga, nikamwomba awaambie vibarua wawaache nyoka wa kahawia.

"Kwani wananisaidia na nini?"

"Wanakula fuko, Gogo."

"Wangapi?"

"Hiyo inategemea umri, na baridi, na pia..."

"Mikia iko wapi?"

Nikamweleza kwamba nyoka hatafuni wala hakati, humeza fuko mzima, mkia ukiwemo. Mtega fuko alikuwa amesimama mlangoni na mikia yake ya siku hiyo mkononi. Gogo alimtazama, akanitazama, kama mtu aliyeambiwa kwamba sadaka imeliwa na mbuzi.

"Gogo," mtega fuko akasema, "hata mimi kuanzia kesho nitakuwa nameza."

"Nyamaza wewe." Akanigeukia. "Mtoto, hapa kwangu kila anayeua fuko huleta mkia. Huyu mzee analeta. Mbwa wa jirani aliua mmoja, akaleta mkia, nikampatia mfupa. Sasa nyoka wako ni nani asilete?"

"Nina nywele za fuko, Gogo. Na kucha. Ziko kwenye, kwenye kile kinyesi."

"Nywele hata kinyozi ako nazo. Nyoka alete mkia. Siku ya kuvuna ikifika kama hajaleta, hawa watu watafanya kazi yao na majembe, na wewe utarudi Nakuru utafute kazi ya ofisi."

Nilimpigia Profesa simu nikiwa nimesimama juu ya ndoo iliyogeuzwa, mahali pekee penye mtandao. Alicheka kwanza. Kisha akasema si jambo lisilowezekana: nyoka aliyekula karibuni, akishtuka, mara nyingine hutapika alichomeza, kikiwa bado kizima. Akanikataza kabisa kumkamua tumbo. "Subiri tu," akasema. "Kazi yetu nusu yake ni kusubiri."

Siku chache baadaye nilimpata. Alikuwa akiota jua kwenye mawe ya msingi wa zizi la zamani, lililojengwa enzi shamba lilipokuwa la mzungu. Alikuwa mkubwa, na sehemu ya nyuma ya mwili wake ilikuwa imetuna kama soksi iliyojazwa viazi. Nikawaona fuko watatu humo ndani, labda wanne, wamepangwa mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na mkia wake.

Katika kumkamata niliwaza mambo yote. Niliwaza kama atapata hewa ndani ya foronya. Niliwaza kama foronya yenye maua ya waridi inafaa kwa kazi ya sayansi. Niliwaza, nikiwa nimemshika nyuma ya kichwa kwa glavu mbili juu ya mbili, kama mama angenipigia simu wakati huo ningejibu kwa mkono gani. Nikamweka kwenye pipa la buluu la maji stooni, na udongo chini, bakuli la maji pembeni, wavu juu, jiwe juu ya wavu na jiwe jingine juu ya jiwe.

"Amekula?" Profesa aliniuliza jioni.

"Ameshiba, Profesa. Hata kujikunja ni shida."

"Dume au jike?"

Swali rahisi. Mkia wa dume ni mrefu zaidi, wa jike ni mfupi. Lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa mikia ya fuko, na ule wa nyoka mwenyewe sikuwa nimeutazama. Nikasema nitaangalia. Mtandao ukakatika, nami nikaushukuru.

Kusubiri kukaanza. Nilijaribu kumshtua kwa adabu. Nilikohoa karibu na pipa. Nilidondosha kijiko. Nilimwekea redio wakati wa matangazo ya vifo, ambayo mimi mwenyewe hunishtua kila mara, lakini yeye alijikunja tu akanitazama kama mgeni aliyekosewa heshima. Habari zilifika senta kabla yangu. Nikienda kununua mkate mwenye duka aliniuliza, "Niaje, boss wa nyoka, bado?" Kijana wa duka la dawa za mifugo alinishauri nimpe ile ya minyoo ya ng'ombe, kofia moja. Na mtega fuko alipita stooni kila asubuhi akisimama mbali na mlango.

"Mgonjwa ameenda choo?"

"Bado, mzee."

"Mpe papai."

"Nyoka hali papai."

"Ndiyo maana hajaenda."

Siku ya kuvuna ilifika na jua kali, jambo ambalo Keringet huwezi kulipanga. Vibarua walikuwa wamesimama na majembe yao kando ya shamba. Kina mama wa kikundi cha kanisa, ambacho Gogo ndiye mwenyekiti wake, walikuwa wamekuja kusaidia kuchagua viazi, vikubwa huku, vya mbegu kule. Gogo alifunga leso kiunoni akasema, "Mtoto, leta nyoka wako."

Asubuhi hiyo sikuwa nimechungulia pipani. Nilihofia kwamba nikichungulia na kukuta hakuna kitu, itanibidi kusema hakuna kitu. Nikaliburuta pipa mpaka uwanjani peke yangu. Mtega fuko alikuwa ameshapanda juu ya mkokoteni wa punda, eti ili aone vizuri.

Nikaondoa jiwe, nikaondoa jiwe la pili, nikaondoa wavu, nikalilaza pipa polepole. Kwanza ulimwagika udongo. Kisha akatoka yeye, taratibu, mwili umenywea kama gunia lililomwagwa. Furaha iliyonishika siwezi kuieleza. Ametapika! Basi fuko wamo humo ndani, na mikia yao! Nikaliinua pipa upande wa chini.

Akatoka nyoka mdogo, mwembamba kama kamba ya kiatu, mwenye madoa mgongoni. Nikamkodolea macho. Akatoka mwingine. Kisha wakatoka wote pamoja, wakimwagika kama tambi, wakienda kila upande, wakifoka kwa vichwa vidogo kama kucha za vidole. Nilijaribu kuwahesabu, nikapoteza hesabu, nikaanza upya, nikapoteza tena. Kina mama walipiga mayowe wakakimbia mpaka kwenye ua wa misonobari, kisha wakarudi, maana hakuna aliyetaka kuwa yule ambaye hakuona.

"Gogo!" mtega fuko akapaza sauti kutoka mkokotenini, miguu ameikunja kifuani. "Uliitisha mkia mmoja, umeletewa ya ukoo mzima!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata vibarua waliegemea majembe wakacheka. Mama mmoja akasema, "Si muone vile wako wengi! Mama yao lazima amekula fuko wa shamba lote." Wengine wakaitikia kwamba ni kweli, huwezi kubeba watoto wote hao kwa njaa.

Gogo hakucheka. "Kwa hivyo," akaniuliza, "huyu amekula fuko wangapi?"

Ningeweza kusema wengi. Kila mtu pale alikuwa tayari kuamini. Mimi ni mtu ambaye ukiniuliza kama mvua itanyesha nitakujibu kwa hotuba, lakini wakati huo hotuba yote ilinikauka.

"Hakuna, Gogo."

"Hakuna?"

"Hakuna. Nilidhani ni fuko wako tumboni, kumbe ilikuwa mimba. Nyoka wakiwa na mimba wengi huacha kula. Huenda hajaonja fuko tangu mpande."

Nikabaki nimekumbatia pipa tupu, nikiziona kichwani barabara za Nakuru na milango yote ya ofisi ambayo ningeigonga.

Ndipo mama mmoja mnene akashusha pumzi. "Mimi kwa kifungua mimba sikuweza kunusa hata kitunguu."

"Afadhali wewe," mwenzake akadakia. "Mimi nilitapika maji."

"Mimi ugali ndio ulikuwa adui. Nikiona tu mwiko, nimekwisha."

"Mimi nilikula sabuni."

"Sabuni?"

"Ile ya kipande. Nilikuwa naificha chini ya mto."

Wakasahau kabisa kwamba kuna nyoka miguuni mwao. Gogo aliwaacha na sabuni zao akasogea, akasogea kuliko mtu yeyote, akainama na mikono magotini kumtazama yule nyoka aliyejikunja kando ya rundo la magunia. Ngozi ya ubavuni ilikuwa imelegea, ina mikunjo.

"Amechoka," Gogo akasema.

"Ndiyo, Gogo."

"Baba yao ako wapi?"

"Haijulikani."

"Kama kawaida," akasema yule mama wa sabuni, na kina mama wote wakacheka kwa kicheko cha aina nyingine, cha watu wanaojua wanachocheka.

Gogo akajinyoosha. Aliwageukia vibarua. "Nyinyi, jembe lisifike upande ule wa mawe. Na mkikuta wa kahawia kwenye mtaro, mniite. Kwangu hapa mzazi hafukuzwi. Si ng'ombe, si mbwa, si huyu." Kisha akaninyooshea kidole. "Na wewe usifikirie nimesahau. Mkia nautaka. Hawa wadogo wataanza kula fuko lini?"

"Sasa hivi ni mijusi na vipanya, Gogo. Fuko ni mpaka wakue. Inaweza kuchukua miaka."

"Basi utakaa miaka hiyo hiyo. Huendi Nakuru mpaka waniletee."

Niliwarudisha kwenye mawe, mama kwanza, kisha wadogo, nikiwabeba kwa ndoo, kisha nikapanda juu ya ile ndoo nimpigie Profesa. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika tena. Kumbe alikuwa anacheka bila sauti. Akaniambia kwamba kwa maisha yake yote ya kazi amekuwa akiwaomba wakulima msimu mmoja tu zaidi, na hakuna aliyewahi kumpa miaka, na mimi nimeipata kwa kushindwa kutambua nyoka mwenye mimba. "Hongera," akasema. "Sasa jifunze kuangalia mkia." Nilikata simu nikiwa na hofu mpya. Wiki nzima nilikuwa nimeogopa kuipoteza kazi. Sasa nilikaa chini nikapiga hesabu ya umri nitakaokuwa nao nyoka wale wakikomaa.

Mchana, viazi vikiwa vimeanza kujaa magunia, Gogo alitoka jikoni na bakuli la maziwa. Aliliweka kwenye nyasi karibu na yale mawe, akarudi akijipangusa mikono. Kina mama walimtazama. Zamani, huku, nyoka akiingia nyumbani watu walimwekea maziwa, na kila mtu pale alilijua hilo. Lakini mwenyekiti wa kina mama wa kanisa hawezi kufanya mambo ya zamani.

"Ni ya paka," Gogo akasema.

Shamba lile halina paka. Nami nikafungua mdomo kueleza kwamba nyoka hanywi maziwa, kwamba hata mdomo wake haukuumbwa kwa kazi hiyo, kwamba ni imani iliyoenea sana lakini... Nikahisi mkono wa koti la suti ukinigusa kiwiko.

"Daktari," mtega fuko akaninong'oneza. Alikuwa ameshuka mkokotenini hatimaye. "Ukweli uliosema leo unatosha."

Nikafunga mdomo. Nikaenda kuchagua viazi pamoja na kina mama, vikubwa huku, vya mbegu kule, na nikanywa chai, kikombe kizima, bila kuuliza imechujwa na nini.

Tulipomaliza, Gogo alikwenda kuliangalia bakuli. Lilikuwa tupu, limelambwa likang'aa. Aliliinua juu ili wote tulione.

"Umeona?" akaniambia. "Wamemaliza."

Nikamtazama mtega fuko. Alikuwa ametugeuzia mgongo, akipangusa masharubu kwa mkono wa koti.

"Hawa watoto wana njaa, Gogo," akasema. "Kesho uongeze."